Aliye na Aliyekuwa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na serikali imefikisha bungeni muswada wa sheria ya watoto waliovunja sheria. Vyote viwili tuliahidiwa tangu mwaka juzi. Muswada ukipita, mtoto hatashtakiwa pamoja na watu wazima, hatalala nao mahabusu, na wale waliokwisha kuhukumiwa watarudi mahakamani wasikilizwe upya. Mhariri alitaka aya nne. Nikampa kumi na nne, akazichapa zote. Niko kwenye kazi hii mwaka wa ishirini na mbili na sikumbuki mara ya mwisho nilipopanda ngazi za ofisi kwa kukimbia. Leo nimekimbia.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda shule ya maadilisho ya wasichana, ambako mahakama hupeleka walio chini ya miaka kumi na minane. Jina ni shule. Ukuta una vipande vya chupa juu, na lango hufunguliwa kutoka nje tu. Mkuu wa shule ni mwanamke mpana, mkavu wa maneno, funguo zinamlia kiunoni kila anapogeuka. Nikamweka kichwani kwenye fungu la askari jela.

Alinipa msichana mmoja wa kuongea naye. Wenzake wanamwita Kiberiti, naye anaitika. Akiwa na miaka kumi na minne alichoma moto bweni la shule yake ya bweni. Hakufa mtu. Matroni wa bweni aliungua mkono wa kulia, vidole vikagandana. Hukumu: miaka saba. Tarehe tisa Mei anatimiza kumi na minane, na siku hiyo kwa kanuni atahamishiwa jela ya wanawake, kumalizia karibu minne iliyobaki.

"Ulichoma kwa nini?"

"Nilitaka shule ifungwe, nisifanye mtihani wa hesabu."

"Na sasa?"

"Sasa nawafundisha wenzangu hesabu. Mahakama haikuniambia kama na hiyo imo kwenye hukumu."

Jikoni kuna tanuri la mkate, la kuni. Nikauliza nani huliwasha asubuhi. Mkuu akamwonyesha Kiberiti kwa kidevu. Nikadhani anatania.

"Nani humu anaujua moto kuliko yeye?" akasema, akaendelea kuhesabu magunia ya unga.

Nilipokuwa natoka Kiberiti aliniuliza kama sheria itapita kabla ya tarehe tisa Mei. Nikamwambia mimi si mtabiri.

"Mwandishi wa habari asiyejua habari," akasema. Hakukosea.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Sebuleni panavuja. Mdogo wangu ameweka ndoo, mimi nimehamisha vitabu.

Jumanne, 11 Machi

Baba yake Kiberiti ni fundi wa friji. Nimemkuta kwenye kibanda chake, amelala kifudifudi nyuma ya friji, naongea na miguu. Alisema mke wake alifariki mwaka wa kesi. Alisema anakwenda shuleni kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, na binti humkaanga kwa maswali ya hesabu.

"Mzee, una matumaini na hii sheria?"

"Mama, mimi nikiletewa friji sisemi litapona. Nasema liache hapa." Miguu ikatulia kidogo. "Lakini nimepaka rangi chumba chake."

Jumanne, 18 Machi

Matroni amezungumza redioni. Sauti ya chini, haina haraka, na hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi. Alisema kila mtu ana huruma na watoto waliochoma, na mkono wake wa kulia hauwezi kufunga kifungo cha blauzi. Alisema sheria hii ipigwe chini. Wasikilizaji walipiga simu hadi kipindi kikapitiliza muda. Wote walikuwa upande wake.

Mdogo wangu ni muuguzi, yuko wodi ya majeraha ya moto mwaka wa sita. Alikuwa anakunja nguo.

"Huyo mama kasema kweli tupu," akasema.

"Kwa hiyo mtoto aoze jela?"

"Dada, mimi sijasema aoze. Wewe umeandika habari ngapi za huyo binti?"

"Tatu."

"Na za huyo mama?"

Nikamwambia akunje nguo. Akasema anakunja, na masikio yake hayakunjwi.

Jumanne, 25 Machi

Kamati ya Bunge inapokea maoni. Mvua, foleni, mwavuli umevunjika. Siku nzuri sana.

Jumatano, 2 Aprili

Nianze mwanzo.

Jana serikali ilichapa toleo la pili la muswada, lililopitishwa na kamati. Kurasa zilizobadilika zilitajwa, nikazisoma hizo. Leo mchana nikaandika habari, nikanukuu kifungu cha waliokwisha kuhukumiwa, kile ninachokijua kama jina langu: "Kila mfungwa aliyekuwa mtoto alipokosa atasikilizwa upya."

Msahihishaji wetu tunamwita Nukta. Aliwahi kusimamisha mtambo wa kuchapa kwa sababu ya nukta moja, na hajaacha kuisimulia. Kila nukuu huilinganisha na asili yake, herufi kwa herufi, kwa rula. Saa ya kufunga kurasa akaja mezani kwangu, rula mkononi, uso umemng'aa kama bwana harusi.

"Dada mkubwa, umenukuu vibaya."

"Sijanukuu vibaya tangu ulipozaliwa."

"Basi umeanza leo. Umeandika 'aliyekuwa mtoto alipokosa'. Muswada unasema 'aliye mtoto'. Basi. Umewaongezea maneno."

"Nukta, mimi kifungu hicho naweza kukisema usingizini."

"Ndiyo maana. Umekiandika usingizini."

Nikavuta nakala yangu, tukaweka rula. Kwangu: "aliyekuwa mtoto alipokosa". Kwake: "aliye mtoto". Tukatazamana. Kisha tukatazama majalada. Yangu ilikuwa toleo la kwanza, yake la pili. Nukta hakukosea na mimi sikukosea. Kifungu kimebadilika, na ukurasa wake haukutajwa miongoni mwa kurasa zilizobadilika.

"Tofauti ni silabi mbili na kitenzi," akasema Nukta, kwa sauti ya mtu anayeanza kusikia anachosema. "Aliye, ni sasa. Aliyekuwa..."

"Aliyekuwa ni Kiberiti."

Nilimweleza. Sheria haiwezi kuanza kabla ya Mei kufika katikati. Wakati huo Kiberiti atakuwa ametimiza kumi na minane. Si mfungwa aliye mtoto. Ni mfungwa aliyekuwa mtoto, na huyo katika toleo la pili hayupo. Hatasikilizwa na mtu. Atakwenda jela ya wanawake na kumaliza miaka yake huko, na sheria mpya itampita juu kama ndege.

Nukta akaketi kwenye kiti changu bila kuomba. "Nani amelikata neno?"

Swali zuri. Mhariri alizuia ukurasa wa kwanza. Kichwa cha habari kilikuwa neno moja: KUWA. Nukta aliruhusu, ingawa alisema kitenzi kisichonyambuliwa kinamuumiza jino.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemjua aliyelikata neno. Kwenye ofisi ya waandishi wa sheria kuna kijana mpole mwenye tai. Hakukana, wala hakuona aibu. Kamati iliagiza lugha iwe nyepesi, sheria ya watoto isomeke na watoto. Akapita humo na kalamu, akakata kila kinachojirudia.

"Mama, fikiria mwenyewe," akaniambia. "'Mfungwa aliyekuwa mtoto.' Nani hakuwa mtoto? Mimi nilikuwa mtoto. Wewe pia, samahani. Hata Mheshimiwa Spika alikuwa mtoto. Nikaona maneno yanamhusu kila mtu, kwa hiyo hayamhusu yeyote."

"Na 'alipokosa'?"

"Mfungwa ni mtu aliyekosa. Ni kurudia."

Sijawahi kuona mtu akifunga watu kwa mantiki safi kiasi hicho. Kwa hesabu ya idara yake mwenyewe, wako arobaini na mmoja watakaotimiza kumi na minane kabla sheria haijaanza. Nilipomweleza, akalegeza tai. Akasema yeye hawezi kurudisha neno. Limeshapita kamati. Ni mbunge tu anayeweza, kwa hoja ya marekebisho, siku ya kupiga kura.

Ijumaa, 4 Aprili

Mbunge anayeweza hilo ni mmoja. Tunamwita Mama Hoja, na si kwa kumsifu tu. Nilimkuta kwenye ukumbi wa mapumziko, miguu nje ya viatu.

"Nimesoma," akasema kabla sijaketi. "Serikali imekosea na inajua. Waziri hataki kesi arobaini na moja za ziada, kwa hiyo kosa limempendeza."

"Utaleta hoja?"

"Mwandishi, jimboni kwangu wanamsikiliza matroni yule kuliko mimi. Nikisimama kutetea wachoma mabweni, uchaguzi ujao nitauza maandazi. Niletee matroni, nitaleta hoja."

"Kazi yangu si kuleta watu, Mheshimiwa. Naleta habari."

"Basi leta habari," akasema, akaanza kutafuta kiatu kwa kidole cha mguu.

Jumanne, 8 Aprili

Kura ni Jumanne ijayo. Nimekwenda kwa matroni. Nilikwenda na ngao: nilitarajia mwanamke mwenye kisasi.

Anaishi nyuma ya bweni jipya, chumba na varanda. Bado ni matroni. Alimimina chai kwa mkono wa kushoto. Niliponyanyuka kumsaidia akasema, "Kaa. Chai haihitaji mikono miwili."

Nikamwambia nataka kuandika habari yake, si ya binti.

"Mmechelewa," akasema, na akanywa. Kisha: "Unajua mahakamani waliniuliza nini? Swali moja. 'Huu ni mkono wako?' Nikasema ni wangu. Wakasema asante, keti. Nikaketi. Nimeketi hadi leo."

"Ungeulizwa, ungesema nini?"

"Ningesema mahakamani. Si kwa gazeti."

Nikamweleza ambacho redio haikumweleza, na ambacho mimi pia katika habari zangu zote nilikigusa kwa mstari mmoja: kwa sheria mpya, kesi ikisikilizwa tena, wa kwanza kusema ni aliyeumizwa. Ataeleza kilichompata na anachotaka. Na aliyemuumiza lazima awepo na asikilize.

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Na huyu wangu? Atasikilizwa?"

"Kwa maneno yalivyo sasa, hapana. Atakuwa mtu mzima jela. Faili limefungwa."

"Na mimi?"

"Na wewe."

Akaweka kikombe chini taratibu. "Kwa hiyo huyo aliyekata neno amekata na zamu yangu."

Akaniuliza Mama Hoja anapatikana wapi. Nikamwambia ofisi yake ya jimbo iko wazi Alhamisi, jambo ambalo limeandikwa mlangoni na halikuwa siri.

Usiku nimemsimulia mdogo wangu. Hakusema "nilikwambia." Alikwenda kumwaga ndoo, akirudi anapiga mluzi.

Ijumaa, 11 Aprili

Matroni alikwenda. Alisubiri foleni kama kila mtu. Hoja imesajiliwa.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeripoti bajeti kumi na tisa, na kujiuzulu kwa mawaziri wawili. Sijawahi kuona kitu kama cha leo.

Mvua ilianza Spika alipoingia. Walipofika kwenye kifungu, umeme ukakatika, na vipaza sauti vikafa. Spika akasema Bunge halizimwi na swichi, tuendelee. Makarani wakawasha tochi za simu. Paa la ukumbi ni la bati, ukisikia ngoma ya mvua unaweza kudhani mbingu nayo imekuja na hoja yake.

Mama Hoja akasimama. Matroni alikuwa kwenye viti vya wageni, safu ya mbele.

"Mheshimiwa Spika, naomba kuirudishia sheria hii maneno iliyoibiwa. Palipo na 'aliye mtoto', pasomeke 'aliyekuwa mtoto alipokosa'."

"Pasomeke aliye nini?" akauliza mwandishi wa kumbukumbu za Bunge kutoka mezani. Mvua ilikuwa imekula neno.

"Kuwa!"

"Aliye...?"

"Kuwa! Aliyekuwa!"

Mbunge mmoja wa nyuma, mpinzani wake wa siku zote, akapaza sauti, "Taarifa, Mheshimiwa Spika. Sote tulikuwa watoto. Na mimi nitasikilizwa upya?"

"Wewe bado hujafika 'aliyekuwa'," akajibu Mama Hoja. "Subiri ukue."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Waziri alisimama, akasema hoja ni nzuri ila italeta mzigo kwa mahakama, kesi arobaini na moja. Mama Hoja akamwelekeza kwenye viti vya wageni. Hakuutaja mkono wala hakumtaja mwenye mkono.

"Pale ameketi mama aliyekuwa anaipinga sheria hii redioni. Mlimsikia. Mkamshangilia. Amekuja kuomba hili neno lirudi, maana bila hilo na yeye hatasikilizwa. Waziri amwambie yeye kwamba ni mzigo."

Waziri alitazama juu. Mwanga wa tochi ulikuwa unacheza pale, na matroni alikuwa anamtazama bila kupepesa. Waziri akaketi.

Spika akahoji. Mvua haikuruhusu "ndiyo" za kawaida, kwa hiyo walipiga kelele. Akasema hakusikia vizuri, wanaoafiki waseme neno lenyewe la marekebisho. Watu wazima mia mbili na kitu, gizani, wakapiga kelele kwa pamoja: "Kuwa!" Walipoitwa wasioafiki, nilisikia mvua.

Nilituma habari kwa simu nikiwa nimesimama ngazini, maji yakiingia viatuni. Mhariri aliuliza kwa nini nahema. Nikamwambia mtandao mbaya.

Jumatano, 16 Aprili

Nukta amebandika ukurasa wa kwanza juu ya meza yake. Amelizungushia kosa moja wino mwekundu. Ni kweli, ni langu.

Jumatatu, 28 Aprili

Muswada uko kwa Rais. Hausainiwi. Mvua.

Ijumaa, 9 Mei

Kiberiti ametimiza kumi na minane. Sheria haijasainiwa. Kwa kanuni alipaswa kupelekwa jela ya wanawake leo, na nilikwenda nikiwa nimejiandaa kuandika habari hiyo.

Gari la shule lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu.

"Pancha," akasema mkuu wa shule.

"Yote manne?"

"Mvua hii, njia mbaya."

Aliniingiza ofisini. Kati ya kabati na ukuta nikaona magurudumu manne, yamejaa upepo, mojawapo limefunikwa mtandio wake. Akaona nimeona. Funguo hazikulia, maana hakusogea.

"Mama mwandishi, utakunywa chai?"

Nikanywa. Gazetini sitaandika, humu nimeandika. Lile fungu la askari jela nimemtoa, na sina fungu jingine la kumweka.

Kiberiti alikuja na mkate wa asubuhi. Sikumuuliza anajisikiaje. Aliniuliza kumi na nane mara kumi na nane ni ngapi, nikakosea.

Ijumaa, 23 Mei

Wizara imempigia simu mkuu wa shule: kama magurudumu hayajazibika, Jumatatu italeta gari lake yenyewe. Amenipigia akaniambia hivyo tu, akakata. Nimepiga Ikulu mara nne. Msemaji anasema "hivi karibuni."

Jumamosi, 24 Mei

Imesainiwa. Imeanza kutumika leo. Nilikuwa nimepanda juu ya kiti naziba paa, mdogo wangu akanishikia simu sikioni. Nikateremka na ngumi mbili za lami. Nimemkumbatia na lami yake, ananidai gauni.

Alhamisi, 5 Juni

Kesi ya kwanza chini ya sheria mpya. Mvua imepungua, ni manyunyu.

Sheria inataka wote wakae mezani pamoja, hakuna kizimba. Mahakama haina meza ya namna hiyo, kwa hiyo walileta ile ambayo makarani hulia chakula. Hakimu hakuvaa joho na hakujua mikono yake aiweke wapi. Kiberiti upande huu na baba yake, shati jeupe, rangi ya chumba bado kwenye kucha. Matroni upande ule. Mkuu wa shule mwishoni. Sisi waandishi tulikaa ukutani, kwa sharti la kutotaja majina.

Hakimu akasema, "Mama, anza wewe. Kilichokupata."

Matroni aliweka mkono wa kulia juu ya meza, wala si kuuonyesha, ni pa kuuweka.

"Niliwatoa wote," akasema. "Niliwahesabu uwanjani. Akapungua mmoja. Nikarudi ndani. Kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, niliona mtu amejifunika. Blanketi lilikuwa limeshika moto. Nikalivuta kwa mkono huu. Nilipolivuta, hakuna mtu. Ni nguo, zimekunjwa zifanane na mtu."

Kiberiti aliinua uso.

"Kitanda cha dirishani," akasema.

"Ndiyo."

"Kilikuwa changu."

"Najua kilikuwa cha nani. Nilirudi kukutoa wewe."

Kwa miaka yote minne ya faili hilo, hakuna ukurasa wenye maneno hayo. Nimelisoma lote. Hakuna aliyeuliza. Baba yake alikuwa anatazama meza. Kisha binti akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayehakikisha jibu, "Nilipanga nguo ili usinitafute."

"Na mimi nikakutafuta."

"Samahani" aliisema baadaye, na aliisema vizuri, lakini nadhani hilo la kwanza ndilo lililokuwa zito.

Hakimu akamuuliza matroni anataka nini.

"Nilitaka ajue. Sasa anajua. Jela haina cha kumwongezea juu ya hapo." Akafikiri. "Na aje anifundishie wasichana wangu hesabu. Wanaogopa mtihani."

Mkuu wa shule alipiga chafya iliyochukua muda mrefu. Hakimu akaandika. Kifungo kilichobaki kimefutwa. Mwaka mmoja chini ya uangalizi, nyumbani kwa baba yake, na Jumamosi kule kwa matroni. Akasoma, akauliza kama kuna asiyeelewa. Hakuna.

Watu wakaanza kutoka. Baba alikwenda kutia sahihi. Kiberiti alifika mlangoni, akasimama. Mlango ulikuwa wazi nusu. Alisimama pale kama anayesubiri wa kumfungulia kwa nje, na hakuna aliyekuja. Askari wa mahakama akamgusa bega.

"Dada, unaziba njia."

Akasogea. Nyuma yake alikuwa matroni, mkoba kwenye mkono wa kushoto, mwavuli kwapani, hana mkono wa kusukumia mlango. Kiberiti akausukuma mpaka mwisho, akaushikilia hapo, mgongo ukutani, hadi yule mama akapita.